Kabla hujaitoboa AR88: kurudisha kipokezi cha zamani kilivyokuwa, au kukibadilisha?

Swali la kurudisha au kubadilisha huulizwa mapema mno. Mtu kapata kipokezi cha valvu cha miaka ya 1940, hajakiwasha wala hajakipindua akatazama chini ya chasisi, tayari anatafuta drili ya kutobolea tundu la mita. Kipokezi kibovu hakiwezi kukuambia kinahitaji nini. Mabadiliko mengi yanayokutwa ndani ya redio hizi yalifanywa kutibu udhaifu ambao kapasita chache mpya zingeumaliza.

Mfano wetu ni RCA AR88. Marekani iliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na nyingi zikaenda Uingereza na Umoja wa Kisovieti chini ya mpango wa kuwakopesha washirika vifaa vya vita. Vita vilipokwisha ziliuzwa kama mabaki ya jeshi, na wanaredio wa ridhaa wa Uingereza wakazipenda. Ina valvu 14, hatua mbili za kukuza mawimbi ya antena na tatu za masafa ya kati (masafa mamoja ambayo kila stesheni hugeuzwa ndani ya redio ili ikuzwe na kuchujwa), na uzito wake na sanduku lake ni kama kilo 45, kwa hiyo usiinyanyue peke yako. AR88D inapokea kuanzia 535 kHz hadi 32 MHz kwa bendi sita, na masafa yake ya kati ni 455 kHz. Ndugu yake, AR88LF, inashuka hadi mawimbi marefu, na masafa yake ya kati ni 735 kHz. Ukichanganya hizo mbili utaharibu urekebishaji wote, basi soma kibao cha jina kwanza.

Kanuni ya kuamulia ni hii: je, fundi mwingine mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu anaweza kuirudisha ilivyokuwa kwa jioni moja? Kama anaweza, fanya. Kama hawezi, yaani umetoboa paneli, umekata waya wa koili au umeng'oa transfoma na kuitupa, basi uwe na sababu nzito kuliko "itapendeza".

Ujue ulichonacho

Itoe kwenye sanduku, ipige picha kila upande, kisha ilinganishe na mchoro wa saketi. Unatafuta mkono wa mtu aliyetangulia: lehemu inayong'aa kuliko nyingine, waya wa plastiki katikati ya nyaya za kitambaa, valvu isiyo ya orodha. Orodha ya asili ni 6SG7 tano (za kukuza mawimbi), 6SA7 moja (kichanganyi), 6J5 mbili (osileta, za kuzalisha mawimbi ndani ya redio), 6H6 mbili (diodi), 6SJ7 na 6K6GT (za sauti), 5Y3GT (ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC) na VR150-30 (ya kutuliza volteji).

Angalia pia mihuri ya jeshi na namba za hesabu. AR88 na HRO, kipokezi cha kampuni ya National, zilitumiwa na Waingereza kwenye vituo vya kunasa mawasiliano ya adui, na kazi hiyo ilifika hadi Mombasa: mwaka 1942 kitengo chao kilihamia Kilindini, kikakaa katika shule ya Allidina Visram. Muhuri peke yake hauthibitishi kwamba redio yako ilipita huko, lakini usiufute kwa msasa. Rangi mpya hununuliwa dukani. Muhuri ukishafutika umekwenda.

Iliyo kamili, haijaguswa, irudishe kama ilivyokuwa. Iliyokwisha kuguswa, hukumu kila badiliko kivyake. Iliyooza, yenye koili zilizokatika na paneli iliyotobolewa kama chujio, ni halali yako: ibadilishe upendavyo, au iwe ghala la vipuri kwa nyingine.

Tahadhari moja kwa aliye na redio ndogo isiyo na transfoma, kama Hallicrafters S-38 ya 1946. Chasisi ya redio za aina hiyo inaweza kuwa na umeme wa ukutani. Hapo hakuna mjadala wa uasili: tumia transfoma ya kutenganisha ya 230 kwa 115, ya VA 60 au zaidi. Visanduku vingi vya kushusha umeme vinavyouzwa madukani vina koili moja tu na havitenganishi kitu. Pima kwa testa, kikiwa kimechomolewa, kati ya pini za kuingilia na za kutokea. Ukipata njia ya umeme, hakifai.

Siku ya kwanza usiwashe

Hamu ya kuichomeka "tusikie tu" ndiyo iliyounguza transfoma nyingi za sauti. Anza na brashi laini na kipulizia hewa. Usitumie maji wala usilowanishe koili kwa spiriti, kwa sababu nyingi zimepakwa nta au vanishi.

Badilisha waya wa umeme uwe wa nyuzi tatu, ule wa kijani na njano ufungwe imara kwenye chasisi kwa skrubu iliyopo. Kwenye waya wa moto weka fyuzi ya ampea 1 ya kuungua polepole. Redio inakula kama wati 100, yaani chini ya nusu ampea kwa volti 230. Transfoma ya AR88 ina vituo vya volteji mbalimbali. Hakikisha kimechaguliwa kinachofaa kwa umeme wa kwako, kwani redio iliyotumika kwingine inaweza kuwa bado imefungwa kwa volteji ya chini. Kama mtaa wako umeme hupanda hadi 250 nyakati za usiku, chagua kituo cha juu yake.

Ukikuta kapasita kutoka waya wa umeme kwenda kwenye chasisi, itoe, hata kama inaonekana nzima. Ikivuja, chasisi inakutekenya na swichi ya usalama ya nyumba inakatika. Mbadala wake ni ya daraja la Y2 tu, yaani iliyotengenezwa kwa usalama kati ya umeme wa ukutani na chasisi. Kapasita ya kawaida ya volti 630 haitoshi mahali hapo, maana ikifa inaweza kufa kwa kushikana (shoti).

Kapasita ndiyo kazi yenyewe

Chini ya chasisi utaona vikopo vya chuma bapa vilivyofungwa kwa skrubu, vingi vikiwa na kapasita tatu za 0.25 µF kila kimoja. Ndani ni karatasi na mafuta. Baada ya miaka 80 karatasi inavuja, na uvujaji huo hauonekani kwa testa ya kawaida kwa sababu inapima kwa volti chache. Tumia megga ya mafundi umeme (kipimo cha uvujaji kinachotumia volteji kubwa) ikiwa kwenye volti 250, mguu mmoja wa kapasita ukiwa umefunguliwa ili usiipeleke volteji hiyo kwenye sehemu nyingine. Chini ya megaomu 100, badilisha. Njia ya AVC (saketi inayopunguza ukuzaji yenyewe stesheni ikiwa kali) ina rezista za megaomu nzima, kwa hiyo uvujaji mdogo tu unaizima: stesheni kali inakoroma, ya mbali inapotea. Kwenye skrini (gridi ya pili) za 6SG7 uvujaji unashusha volteji na redio inakuwa dhaifu bila kelele yoyote ya kukuonya. Mtu akiipata hivyo husema valvu zimechoka na kununua seti nzima bure.

Weka za filamu, polipropilini au poliesta, za volti 630: 0.22 µF badala ya 0.25, 0.047 badala ya 0.05, 0.1 na 0.01 zipo vilevile. Hesabu idadi kwenye mchoro kabla ya kwenda dukani.

Kosa la kawaida ni kulehemu mpya juu ya miguu ya kikopo cha zamani. Kapasita mbovu bado iko sambamba na mpya, na uvujaji uko palepale. Nyaya lazima ziondoke kwenye kikopo. Njia safi: acha kikopo mahali pake, funga kibao kidogo cha miguu kwa skrubu ileile inayoshika kikopo, hamishia nyaya hapo pamoja na kapasita mpya. Hakuna tundu jipya, na anayetaka kurudisha hukuta kila kitu. Miguu iwe mifupi, na upande wa chasisi urudi sehemu ileile ulipokuwa. Kwenye 20 MHz kwenda juu, sentimita tano za waya zilizozidi zinatosha kuifanya redio ipige mluzi yenyewe.

Wapo wanaofungua vikopo, wakatoa vya ndani na kuficha kapasita mpya humo. Kazi inapendeza, ila mafuta ya zamani yanaweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo ni sumu. Vaa glavu, usichome moto, usimwage. Kwa redio ya kusikiliza hatuoni kwamba uzuri ambao hautaonekana mpaka redio ipinduliwe una thamani ya hatari hiyo.

Iko kapasita moja usiyoipima, unaibadilisha tu: ile ya kuunganisha 6SJ7 na gridi (mguu wa kuingizia mawimbi) ya 6K6GT, pini namba 5. Ikivuja, gridi inapata volti chanya, 6K6GT inavuta mkondo kupita kiasi na kuunguza transfoma ya sauti, kipuri kigumu kukipata kuliko vyote. Ukipenda kuona ubovu wake, fungua mguu wa upande wa gridi, weka rezista ya megaomu 1 kutoka mguu huo hadi kwenye chasisi, kisha siku ya kuwasha upime volteji juu yake. Kila volti moja ni kama mikroampea moja inayovuja. Volti moja tayari ni balaa.

Kapasita za kusafisha umeme wa anodi (volti za juu zinazolisha valvu) usizitupe kwa mazoea. Za AR88 ni za karatasi ndani ya mafuta, si za elektroliti, na hudumu vizuri. Zipime kwa megga. Zikiwa mbovu, usijaze mikrofaradi 100 ukidhani wingi ni baraka. 5Y3GT ina kikomo cha mikrofaradi 20 kwenye kapasita ya kwanza. Ukizidisha, mkondo wa ghafla unaichosha. Za maika kwenye saketi za koili ziache isipokuwa umethibitisha ubovu.

Rezista za kaboni hupanda thamani kadiri zinavyozeeka. Inayozidi kwa asilimia 20, badilisha. Vifundo vya sauti na swichi ya bendi vinahitaji dawa ya kusafishia kontakti, tone kwa kijiti, sio kunyunyiza. Giya za kutafutia stesheni huwa zimegandishwa na grisi iliyokauka: ifute kwa kijiti chenye mafuta ya taa, kisha weka mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila ekseli. Usilegeze giya zenye springi; zimekamatana makusudi ili sindano isicheze.

Kuwasha

Tengeneza soketi yenye balbu ya waya ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo na redio. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii.

Chomoa 5Y3GT kwanza. Washa. Balbu iwake hafifu, na hita za valvu zianze kuonekana kwenye zile za kioo. Acha nusu saa, uzime, uchomoe, uguse transfoma: ivuguvugu sawa, ya moto mno hapana. Rudisha 5Y3GT, washa tena. Balbu itapanda kidogo kisha itulie. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, zima. Kuna mahali pameshikana. Kupandisha umeme polepole kwa transfoma ya kuzungusha hakusaidii kama watu wanavyodhani, kwa sababu chini ya kiwango fulani 5Y3GT haitoi kitu, halafu inaanza kutoa ghafla.

Umeme wa anodi unaua. Mkono mmoja mfukoni unapopima, na kabla ya kugusa chochote ndani, maliza chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, yenye mshiko wa plastiki. Usitumie bisibisi.

VR150-30 lazima ing'ae. Ndiyo inayoshikilia volti 150 za osileta. Isipong'aa, masafa yatateleza kila umeme wa mtaa unapoyumba.

Kurekebisha koili

Usiguse skrubu hata moja ya koili kabla redio haijakaa imewaka saa nzima, na kabla kapasita hazijakamilika. Tumia bisibisi ya plastiki. Chuma kinabadilisha koili yenyewe. Kiini, yaani kipande cha ndani ya koili kinachozungushwa, kikigoma, kipashe joto kwa kikaushia nywele. Kikipasuka ndani ya koili, umeingia hasara.

Kwa AR88D, ingiza mawimbi ya jenereta kwenye gridi ya 6SA7 kupitia kapasita ya 0.01 µF, na mita yako iwe kwenye njia ya AVC. Hapa mwongozo mwingi husema "weka 455 kHz" na kuishia hapo. Kinachoamua ni kristali ya chujio iliyo ndani ya redio yako, na huenda haiko 455 kamili. Weka kifundo cha uchaguzi kwenye nafasi kali yenye kristali, zungusha jenereta taratibu kuzunguka 455 hadi mita ipande ghafla. Hayo ndiyo masafa yako ya kati. Acha jenereta hapo, rudi kwenye nafasi isiyo na kristali, kisha panga viini vyote kwa kilele. Punguza nguvu ya jenereta kila mita inapopanda, la sivyo AVC itakudanganya.

Kwenye bendi, mwisho wa chini panga kwa viini, mwisho wa juu kwa trima (kapasita ndogo za kurekebisha), rudia mara tatu au nne kwa sababu kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Juu ya 20 MHz, trima ya osileta itakupa vilele viwili. Kinachotakiwa ni chenye kapasitensi ndogo, maana osileta inakaa juu ya stesheni. Hakiki hivi: sindano ikiwa 30 MHz, peleka jenereta 30.910, usikie kivuli hafifu (mawimbi yakisikika mahali pasipo pao), kwani ni mara mbili ya 455 kHz juu. Ukisikia mawimbi kwenye 29.090 badala yake, umeshika kilele kisicho chake.

Sasa swali lenyewe

Funga antena, tafuta sehemu tupu kwenye mita 40 (bendi ya 7 MHz), halafu ichomoe. Kelele ikishuka sana, redio inasikia kila kinachofika kwenye antena, na hakuna valvu mpya ya mbele itakayokuongezea kitu. Kwenye 7 MHz ukanda wetu wa joto una radi za kutosha kuifunika kelele ya 6SG7 mwaka mzima. Badiliko la kuweka valvu ndogo ya kisasa mbele lina maana karibu na 28 MHz tu, na hata hapo jaribu tena kuchomoa antena kabla ya kulifikiria.

Malalamiko ya pili ni sauti ya SSB (mazungumzo yanayorushwa kwa ukanda mmoja tu wa mawimbi) kukoroma. Kigunduzi cha diodi (sehemu inayotoa sauti kwenye mawimbi) kinahitaji osileta ya BFO, inayorudishia mawimbi ambayo SSB haitumi, iwe na nguvu kuliko mawimbi yanayoingia. Kabla ya kulehemu chochote: zima AVC, fungua kifundo cha sauti karibu chote, shusha kifundo cha nguvu ya mawimbi hadi usikie vizuri, kisha sogeza BFO. Chini ya 10 MHz wanaredio wa ridhaa hutumia ukanda wa chini, juu yake ukanda wa juu. Wengi wakishajua hivyo huacha mpango wa kubadilisha.

Anayetaka zaidi achukue mawimbi ya kati na kuyatoa nje. Kutoka anodi ya 6SG7 ya mwisho, weka kapasita ya 4.7 pF ya volti 1,000, iende kwenye geti la transista J310. Geti lipate megaomu 1 hadi kwenye chasisi, sosi kilo-omu 1, dreni volti 9 za betri. Towe kutoka sosi lipite kwenye 0.1 µF hadi kipokezi cha SDR (redio inayofanya kazi kwa programu ya kompyuta) kinachofika 455 kHz, na kebo ipite kwenye uwazi uliopo nyuma. Gusa kiini cha koili ya mwisho kidogo kurudisha kilele. Kompyuta itachuja SSB kuliko kigunduzi chochote utakachobanana nacho chini ya chasisi, na siku ukichoka unafungua mguu mmoja tu. Volti 1,000 za kapasita hiyo usizifanyie uchumi. Ikipasuka, umeme wa anodi unaingia kwenye vifaa vyako.

5Y3GT ikifa na huipati, diodi zinakubalika zikiwa ndani ya kitako cha valvu mbovu, ili ichomolewe kama valvu. Weka 1N4007 mbili mfululizo kila upande, kwa sababu volteji ya kinyume inakaribia kikomo cha moja. Ongeza rezista ya omu 470, wati 10, kufidia volti ambazo valvu ilikuwa inakula. Rezista hiyo iwe nje ya kitako, maana inachemka. Bila hiyo umeme wa anodi unapanda, na kapasita za zamani ulizoziacha ndizo zitakazolipa.

Mita ya nguvu ya mawimbi iweke kwenye kisanduku chake, juu ya redio. Paneli ya mbele usiitoboe.

Iliyokwisha kuguswa na wengine

Usirudishe kila kitu kwa pupa. Badiliko linalofanya kazi, limefungwa vizuri na halihatarishi, liandike na uliache. Kulitoa bila mchoro wake huleta ubovu mpya. Toa lile linalounguza, linaloteleza masafa, au lililoondoa usalama. Tundu lililokwisha kutobolewa kwenye paneli lizibe kwa kipande cha alumini kutoka nyuma, au litumie kwa kitu cha maana, maana kulijaza na kupaka rangi kutakula muda kuliko redio nzima.

Sehemu ulizotoa zitie kwenye mfuko, ufungwe ndani ya sanduku mbali na joto la valvu. Vikopo vilivyovuja mafuta visiingie humo. Gundisha karatasi kwenye ukuta wa ndani: tarehe, kila kapasita na thamani yake, masafa halisi ya kristali uliyopata, kituo cha transfoma ulichochagua.